Peruki ya bordo na video za dakika tatu

Juzi mmoja wetu aliandika kwenye kikundi kwamba huu ukurasa umeanza kujaa "mambo ya wanawake", na kwamba mtu mwenye lisansi anapaswa kuandika juu ya maendeleo. Nilicheka kwanza. Kisha nikakasirika kidogo. Kisha nikaamua kuandika juu ya peruki.

Nasema peruki ya plastiki, ile bamama wanatundika mbele ya duka juu ya vichwa visivyo na macho, wigi kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania. Na hasa nataka kusema juu ya zile video fupi zinazofundisha namna ya kubadilisha rangi yake. Nimeziangalia nyingi kuliko ninavyopenda kukubali: za Kifaransa, za Kiingereza, za Kiswahili cha Dar na Nairobi. Nataka kuzihukumu sawa vile watu wanahukumu filamu ao kitabu, juu vijana wengi ninaowajua wanaziangalia kuliko wanavyosoma kitabu chochote, na juu moja yao ilinifikisha kwenye maziko na kichwa cha aibu.

Niseme kwanza kwa nini niko na peruki. Tangu humanités nilikuwa nasukwa ile misuko ya kubana mpaka macho yanavutika, na kati ya msuko na msuko naweka defrizan. Nilipofika mwaka wa mwisho wa agronomi, nywele za mbele na za pembeni zilikuwa zimekwisha. Si kwamba zimepungua. Zimekwisha, ngozi inang'aa. Mzizi wa nywele ukivutwa miaka na miaka, unafika wakati unachoka kabisa na hauoteshi tena. Basi kwa ajili ya collation nilinunua peruki Goma, dola kumi na nane baada ya kubishana, rangi ya bordo kwa sababu nyeusi zilikuwa zimeisha dukani.

Mama mkubwa wangu, dada mkubwa wa mama, njo alilipa masomo yangu ya mwaka wa mwisho kwa kuuza birai, viazi vyetu vya kizungu vya huku milimani. Siku ya collation alinishika kichwa, akageuza peruki kidogo ikae sawa, akasema: "Sasa unafanana na mtu aliyemaliza." Kisha akaongeza, juu hakuwa mtu wa kusifu bila kukata: "Lakini hii rangi ni ya jogoo. Siku moja utaiweka nyeusi." Nikasema ndiyo mama, nitaiweka.

Halafu vita. Tulikimbia Ngungu kama wengine wote, tukaishi Bulengo chini ya hema, tukarudi mwanzoni mwa 2025 wakati kambi zilipofutwa. Mfuko wangu ulikuwa na diploma ndani ya plastiki, kilo moja ya mbegu ya maharage, na ile peruki. Ndugu mmoja wa kikundi aliposikia hilo aliandika alama za kucheka. Sawa. Kila mtu anajua alichobeba yeye.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja, mama mkubwa alifariki. Mimi njo nilichaguliwa kusoma neno la familia kaburini. Mama aliniambia funga kitambaa tu, hakuna mtu atakuuliza. Alikuwa na haki. Lakini nilikuwa nimeahidi nyeusi, na nilikuwa na video moja niliyoihifadhi ndani ya simu tangu Goma, dakika tatu na sekunde chache. Mtandao haukuwapo usiku ule. Video ilikuwapo.

Sasa tuiangalie hiyo video kama kazi ya mtu.

Inaanza vizuri. Dada mwenye sauti laini, ukuta mweupe nyuma yake, peruki ya rangi ya kahawia iliyofifia. Anaonyesha poda nyeusi ya kupaka nywele, ile ya kukoroga na maji, anaivuruga ndani ya bakuli, anaipaka kwa burashi. Muziki. Kisha kamera inakatika, na tunaona peruki nyeusi tii, inateremka mabegani kama maji. "Nusu saa tu, wapenzi wangu." Mwisho. Kazi imepangwa kwa ufundi: kila kitu kinaelekea kwenye ile sekunde moja ya kabla na baada, na wewe unayeangalia unashikwa na furaha ya kweli. Siwezi kukataa hiyo furaha. Nimeiangalia mara tano kwa ajili yake.

Kosa liko ndani ya ule mkato wa kamera. Yule dada hasemi peruki yake ni ya nini. Na hilo ni swali la kwanza, kabla ya rangi, kabla ya bakuli. Nywele za mtu ni keratini, ni ndugu ya manyoya ya kuku na sufu ya kondoo. Zina magamba madogo madogo nje. Dawa ya rangi inayafungua, inaingia ndani, inafanya rangi humo humo na kunasa. Nywele za plastiki hazina magamba. Nyingi ni modakriliki, kama ile Kanekalon ambayo kampuni ya Kaneka ya Japani ilianza kuitengeneza mwaka 1957 na ambayo jina lake mnaliona kwenye pakiti nyingi za meshi. Nyingine ni poliesta, ndizo wanazosema zinavumilia moto. Kwa nyuzi nyingi za namna hiyo rangi imetiwa kiwandani, ndani ya ule uji wa plastiki, kabla haujawa uzi. Ni sawa na rangi ya beseni. Mnamjua mtu aliyebadilisha beseni jekundu kuwa jeusi kwa dawa ya nywele?

Kwa hiyo ama peruki ya yule dada ilikuwa ya nywele za mtu, ama ilikuwa imepakwa saa hiyo hiyo na haijaoshwa. Video haitusaidii kujua. Haituonyeshi siku ya pili. Haituonyeshi kitambaa cheupe kikipanguswa juu ya nywele. Na mimi, mwenye lisansi ya agronomi, niliyesoma kemia miaka miwili, niliipaka usiku ule kwa mwanga wa tochi bila kujiuliza hata mara moja. Huzuni inafunga masomo.

Asubuhi ilikuwa nyeusi. Kweli, ilikuwa nzuri. Nilifika kaburini, nikaanza kusoma. Katikati ya ukurasa, mvua ya mwezi wa kumi na moja ya Ngungu, ambayo haipigi hodi. Nilisikia baridi shingoni, nikadhani ni maji tu. Kisha nikaona mtoto mmoja mbele yangu anafungua kinywa. Maji meusi yalikuwa yanashuka masikioni, yanaingia kwenye blauzi nyeupe, yanadondoka kwenye karatasi, na juu ya kichwa jogoo alikuwa anarudi. Mke wa mjomba alitoa kitenge chake akanifunga kichwa bila neno, nikamaliza kusoma yale maneno niliyoweza kuyaona.

Hakuna aliyenicheka. Hilo njo liliumiza zaidi.

Ndugu zangu wa kilimo mtaelewa nikisema kwamba hizi video zina ugonjwa ule ule wa shamba la maonyesho. Mnakumbuka: mradi unakuja, unachagua kipande kizuri kando ya barabara, unaweka mbegu bora na mbolea, unaita watu wakati majani ni ya kijani, picha zinapigwa, bendera inabaki. Siku ya kuvuna hakuna gari. Na mara nyingi hakuna témoin, kile kipande tulichofundishwa kukiacha bila dawa pembeni ili tujue dawa imefanya nini kweli. Profesa wetu mmoja alikuwa anatoa sufuri kwa jaribio lisilo na témoin, hata kama mavuno ni ya ajabu. Mimi leo natoa sufuri kwa video ya rangi isiyo na shungi moja lililoachwa bila rangi, na lingine lililooshwa mara tatu.

Si zote ni mbaya. Niliona moja, ya dada anayeongea Kiswahili cha pwani, picha yenyewe inatingishika, taa mbaya. Yeye anakata unywele mmoja, anauweka kwenye moto wa kiberiti. Ukinuka manyoya ya kuku yaliyoungua na kuacha jivu linalovunjika, ni nywele ya mtu. Ukijikunja na kuacha kidonge kigumu, ni plastiki. Halafu anasema wazi: ya plastiki haiendi kuwa nyeupe hata ufanye nini, unaweza tu kuipeleka kwenye rangi ya giza zaidi. Anajaribu rangi ya vitambaa ndani ya maji moto, na inamharibikia mbele ya kamera. Nywele zinajikunja kama tambi. Anazionyesha! Anasema, "hapa nimekosea, maji yalikuwa moto mno." Kwangu hiyo ni sekunde bora kuliko zote nilizoziona, juu pale ndipo unapojifunza kitu. Ilikuwa na watazamaji wachache sana.

Na hiyo ya maji moto tuiseme vizuri, juu video nyingi zinaishia hapo. Kuna rangi za kiwandani kwa ajili ya poliesta, lakini kiwanda kinazipika kwa digrii karibu 130, ndani ya chombo kilichofungwa chenye mgandamizo. Sufuria ya nyumbani haifiki huko. Ya huku kwetu inafika pabaya zaidi: Ziwa Kivu tu liko mita 1460 juu ya bahari, na sisi tuko juu ya ziwa; kila mita 300 unazopanda, maji yanachemka karibu digrii moja chini. Kwa hiyo ukiwa Ngungu, "maji yanayochemka" ya video ya mtu wa Mombasa si maji yako. Maharage yanajua hilo, wapishi wanajua hilo. Video hazijui. Na modakriliki kinyume chake: maji yale yale ambayo hayatoshi kupika poliesta yanatosha kabisa kuilegeza na kuikunja. Kila msusi anajua, njo maana wanachovya ncha za misuko ndani ya maji moto ili zikae.

Aliyenisaidia hakuwa video. Ni msusi mmoja wa hapa Ngungu, mwanamke wa umri wa mama, ana kiti kimoja na kioo kilichopasuka, hajamaliza shule ya msingi. Nilimpelekea peruki baada ya wiki mbili, kwa ajili ya siku ya kuondoa matanga. Aliishika, akaivuta kati ya vidole, akasema: "Mwanangu, hii haiko nywele. Plastiki haikunywake dawa ya nywele. Plastiki inakunywaka wino."

Wino wa marikeri, zile kalamu za kuandikia kwenye magunia, zisizofutika. Alipasua marikeri nne nyeusi, akatoa ile sponji ya ndani, akailoweka kwenye alkoli ya famasi usiku mzima. Hapo nikamuuliza, kama mtu aliyesoma, kwa nini alkoli na si maji. Akaniangalia. "Wino wa marikeri unaogopa maji?" Hauogopi. Njo jibu. Rangi ile inayeyuka kwenye alkoli, alkoli inaruka hewani, rangi inabaki imeng'ang'ania uzi, na mvua ikija haina cha kuyeyusha.

Lakini kile kilichonifanya nimheshimu ni kitu kingine. Kabla ya nyeusi alipiga kwanza mkono mmoja wa kijani. Nilidhani amechanganyikiwa. Akasema ukiweka nyeusi moja kwa moja juu ya bordo, jua likiwaka utaona zambarau, utafanana na bilinganya. "Kijani njo inauaga nyekundu." Wachoraji wanafundishwa hilo shuleni kwa mduara wa rangi. Yeye alilipata kwa kuharibu peruki za watu wawili na kuzilipa, aliniambia mwenyewe, bila aibu.

Alifanya shungi kwa shungi, kwa kichupa cha kupulizia, huku anachana kwa kichanuo cha meno mapana. Aliacha shungi moja nyuma ya shingo bila kuligusa. Nilimuuliza kwa nini. "Ili nione nilikotoka." Wenzangu, hiyo ni témoin! Nilikaribia kumkumbatia.

Na alizima mbabula. Huku baridi, kila mtu anafanya kazi karibu na makaa, na alkoli inayopuliziwa hewani karibu na makaa ni kutafuta mazishi mengine. Alitoka nje kabisa, chini ya paa la uani, upepo unapita. Katika video zote za marikeri na alkoli nilizoziangalia baadaye, nilisikia neno "moto" likitajwa kama hatari mara moja tu. Hapo siongei tena juu ya uzuri wa picha. Hapo mtu anaweza kuungua uso.

Sasa kazi yenyewe, nayo niihukumu, nisije nikaonekana nimempenda msusi tu. Ndani ya nyumba peruki ni nyeusi kabisa. Juani, ukiangalia karibu, kuna kahawia ya mbali chini yake, kama chai iliyokaa. Kichwa chake, pale nywele zinapogawanyika, wino ulipenya kwenye kile kitambaa chembamba na kuacha alama ya kijivu ambayo inafanana na uchafu. Hilo ni kosa, alipaswa kukifunika. Nyuzi zilikauka ngumu kidogo, akazisuuza kwa maji baridi mpaka maji yakatoka meupe, bado zikabaki ngumu kuliko mwanzo. Kwa upande mwingine, ule mng'ao wa plastiki, ule unaokuonyesha kwa mbali kwamba mtu amevaa beseni, umekufa. Wino uliufanya uzi uwe na ukimya. Peruki sasa inafanana na nywele za mtu kuliko siku nilipoinunua. Sidhani alikusudia hilo, lakini kazi nzuri mara nyingi iko na kitu ambacho mwenyewe hakukusudia. Alitaka franka elfu saba. Nilimpa kumi.

Nirudi kwa ndugu yetu wa "mambo ya wanawake". Ningependa ajue kwamba peruki imewahi kuwa jambo la serikali. Oktoba 1968, huko Tanzania, vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, marufuku sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kuchubua ngozi, na peruki. Kwetu, ile miaka ya Mobutu na authenticité, mwanaume akapewa abacost, mwanamke pagne, na peruki ikatazamwa kama ugonjwa wa kizungu. Na mbele ya hapo, mwaka 1966, Okot p'Bitek wa Uganda alikuwa amemwandika Lawino akimcheka mke mwenza wake kwa nywele zake za kuiga. Lawino namsamehe, juu yeye anaongea na uchungu wa ndoa yake, na yuko na haki ya wivu. Lakini wale wa amri siwasamehe. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza chini ya peruki kuna nini. Walidhani kuna kujichukia. Wakati mwingine kuna ngozi inayong'aa tu, na mtu anayetaka kusimama mbele ya watu.

Sikatai kwamba biashara hii inakula pesa za dada zetu. Inakula. Na sikatai kwamba mimi leo, ningekuwa na binti, nisingemruhusu asukwe kwa kubana hata siku moja. Lakini anayetaka kuandika hayo aandike juu ya misuko na defrizan, aende kwenye salon aone watoto wa miaka sita wanavyolia, badala ya kuandika alama za kucheka chini ya picha ya mfuko wa mkimbizi.

Siku ya kuondoa matanga mvua ilinyesha tena. Mama alikuwa ameshika kitenge mkononi, amekikunja tayari, ananiangalia shingo kila dakika. Maji yalishuka yakiwa maji. Alipoona hivyo alikifungua akakivaa mwenyewe.

Nimeanza kuandika kwenye kile kidaftari changu cha majaribio ya maharage, ukurasa wa mwisho: tarehe, mvua, saa za jua, rangi ya shungi la nyuma na rangi ya mengine. Wiki ya sita, upande wa kulia, ule ninaouweka juani nikiwa shambani, ncha zimeanza kurudia bordo kidogo. Upande wa kushoto bado. Jumamosi ni soko, nitapita kumwonyesha yule msusi. Nadhani ataniuliza kwanza nimekuwa nikigeukia wapi wakati wa kupalilia.